Kwa njia ya zamani hadi Vumawimbi

Hatujatoka Chake Chake vizuri, gari ishasimama mara tatu. Mara ya kwanza dereva alishuka kumsalimu mzee aliyekaa barazani, akamuuliza hali ya mgonjwa wake, naye akaulizwa hali ya watu wa kwao. Mara ya pili alipokea kifurushi cha kupeleka Konde, hakina jina wala anwani. Mara ya tatu hakushuka. Alizima injini, akateremsha kioo, akatuambia tunuse.

Karafuu. Zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi, kuanzia uwanja wa nyumba hadi ukingoni mwa lami. Nyingine zilikuwa bado za kijani, zimechumwa jana. Nyingine zimeanza kupiga wekundu. Za siku ya tatu zimeshakuwa kahawia iliyokoza. Bibi mmoja alikuwa akizigeuza, ameinama, kanga ameifunga kiunoni. Jua la saa tatu lilizipata sawasawa na harufu ikawa nzito, tamu kwa mbali na kali kwa karibu, hata mke wangu akafumba macho. Mimi nilitazama saa.

Nilikuwa na ratiba. Saa tano tuwe Ngezi, saa sita na nusu Vumawimbi, saa kumi tugeuze. Ratiba ile ndiyo kitu cha kwanza nilichokipoteza Pemba, na sikukitafuta tena.

Kutoka Chake kwenda Wete kuna njia mbili. Ipo ya mashariki, iliyonyooka, inayokwenda mpaka Konde, na ukipenda unaiacha njiani kuingia Wete. Na ipo ya zamani, kilomita thelathini hivi, inayopitwa na daladala namba 606, ambayo haijui kunyooka. Inapanda kilima, inazunguka shina la mwembe lililokuwapo kabla yake, inateremka bondeni kwenye mpunga, inavuka kijito, inapanda tena. Aliyezoea Unguja, hasa ile ardhi bapa ya mashariki yenye mawe ya matumbawe, hushangaa. Pemba ni vilima vitupu, si virefu, lakini vimesongamana kama maandazi kwenye sinia. Juu mikarafuu na minazi, chini mpunga, ng'ambo ya mpunga kilima kingine chenye nyumba mbili tatu na moshi wa jikoni. Waarabu waliokuja zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na anayepita njia ya zamani haulizi kwa nini.

Dereva alitaka tupite ile mpya kwa sababu tuna haraka. Mimi ndiye niliyeshikilia ya zamani, na sababu yangu ilikuwa duka moja la Temeke.

Jina la Konde nililijua kabla sijajua Pemba iko upande gani wa bahari. Mwenye duka la mtaani kwetu alikuwa Mpemba wa huko, na kila mtoto aliyetumwa kibaba cha mchele au mafuta ya taa ya kupima alirudi nyumbani amechelewa, kwa sababu mzee alikuwa akipima huku anasimulia. Alitusimulia msitu ambao ukiuingia mchana unadhani magharibi imekwishaingia, na ufukwe ambao mawimbi yake husikika kabla hujauona. Akatuambia, kama aliyemwona mtoto mmojawapo yuko safarini, kwamba kwenda kwao sharti upite njia ya zamani. Kwa ile mpya utafika Konde hujui umepita kwa nani. Nyuma ya kaunta yake hakupitishwa mtu, hata watoto wa jirani waliokuwa wakicheza na wanawe. Lakini hadithi zilivuka bure.

Wapemba wako pwani nzima. Wako Kariakoo, wako Tanga, wako Mombasa. Wale wa upande wa Shimoni na Kilifi waliishi Kenya vizazi kadhaa bila vitambulisho, mpaka serikali ya nchi hiyo ilipowatambua rasmi mwaka 2023 kuwa mojawapo ya jamii zake. Sisi wengine tumekula vya kukopa madukani mwao, tumewazika na kuwaoza, tumeijua mpaka lafudhi yao, ile inayomfanya mtu kuwa "ntu" na mke kuwa "nke". Walikotoka hatujawahi kukuona. Nilipopata likizo ya mwaka, mwezi wa kumi, nilimwambia mke wangu twende tukapumzike Pemba.

Kupumzika. Kwetu neno hilo lina taabu yake. Tunasafiri sana, lakini kwa sababu: harusi, msiba, hitima, mgonjwa, mzigo wa biashara, mtoto wa kupelekwa shule. Mtu akikuuliza unakwenda kufanya nini Pemba, ukamjibu unakwenda kupumzika, atasubiri umalizie sentensi. Niliulizwa hivyo bandarini, nikaulizwa melini, na jirani yangu aliniuliza kwa simu, akaongeza lile swali ambalo kila anayekwenda Pemba huulizwa, la uganga. Swali hilo linanichosha. Kisiwa chenye watu zaidi ya nusu milioni, chenye mashamba na madrasa na watu wanaoamka alfajiri kwenda kuchuma, kinafungiwa ndani ya hadithi moja ya kutishana usiku.

Nimefanya kazi Dar es Salaam miaka ishirini na mbili. Bahari iko mwendo wa daladala moja kutoka kwangu. Likizo zangu nilizimaliza kusimamia fundi, kupaka rangi nyumba na kwenda kuzika. Ufukwe niliuona kama kitu cha wageni, chenye lango na mlinzi na bei iliyoandikwa kwa dola, na najua si mimi peke yangu. Ndiyo maana naandika makala hii. Mtu aliyezaliwa na kukulia kando ya bahari hii, anayekula samaki wake, anastahili kukaa mbele yake siku nzima bila kazi.

Tulivuka kutoka bandari ya Malindi, Unguja. Mwezi wa kumi kusi inakuwa imechoka na kaskazi haijaanza. Mabaharia huuita wakati huo maleleji, na bahari ilikuwa laini kwa sehemu kubwa ya safari. Meli ilipokaribia mkondo wa Nungwi mazungumzo yalipungua. Hakuna aliyetangaza chochote. Mama aliyekaa mbele yetu alitoa tasbihi mkobani, kijana wa pembeni yake akaondoa visikizio masikioni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander, iliyojazwa watu na mizigo kupita uwezo wake, ilizama katika maji haya ikielekea Pemba, na mamia ya watu walifariki. Ni vigumu kumpata Mpemba asiyemjua mmoja wao. Tulikaa kimya mpaka mama akarudisha tasbihi mkobani, akageuka, akatupa maandazi.

Mkoani, tuliposhukia, ni mji wa mteremkoni. Nyumba zinaonekana kama zimekuja kutazama meli. Hatukukaa. Tulilala Chake Chake, mji mkuu wa kisiwa, uliojengwa juu ya mgongo wa kilima. Jioni tukaenda kutazama ngome kongwe ambayo sasa ni makumbusho, na chini yake hori la bahari linaloingia mpaka karibu na mji likiwa limezungukwa na mikoko. Na mikoko hiyo inaeleza jambo ambalo mgeni wa Pemba inampasa kulijua mapema. Kisiwa hiki hakikuzungukwa na mchanga. Kina urefu wa kilomita 67 hivi, lakini pwani yake kubwa, hasa ya magharibi, ni mahori, matope na mikoko. Fukwe zipo, nzuri mno, lakini zimejificha kaskazini na kwenye visiwa vidogo. Paje au Nungwi kule Unguja barabara ni ya kukufikisha tu hotelini. Pemba utakaa barabarani saa nyingi kabla ya kuona mchanga, kwa hiyo barabara nayo ni sehemu ya mapumziko yako, utake usitake. Wahenga walisema Pemba peremba. Kuperemba ni kutazama kwa makini, polepole, bila kujionyesha. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wa maneno tu.

Turudi kwenye majamvi. Dereva alituonyesha mti wa karibu, vijana wakiwa juu yake wameinamisha matawi kwa kamba. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Ukichelewa siku chache likachanua, thamani imepotea. Kwa hiyo huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, kisha usiku watu hukaa ukumbini au barazani kuchambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Makonyo nayo hayatupwi. Hupelekwa kiwanda cha Wawi, si mbali na Chake, yakakamuliwa mafuta. Karafuu kavu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, na msimu ukiwa mzuri unaona kijijini paa jipya la bati, pikipiki mpya, harusi.

Mti huu si wa asili hapa. Uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa, na Sayyid Said akaamuru upandwe kwa wingi. Aprili 1872 kimbunga kikaiangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote. Ya Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo shamba. Na waliopanda na kuchuma, mpaka utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wengi wao walikuwa watumwa waliotolewa bara. Nilipokuwa nimesimama pale nikinusa nilifikiri habari yao. Harufu haikupungua uzuri wake, lakini sikuweza tena kusema ni harufu ya starehe tu.

Mbele kidogo tukaacha lami kuingia Kidike. Hapo wanakijiji wanalinda makazi ya popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana penginepo duniani. Ni popo mkubwa, mwenye uso kama wa mbweha na manyoya ya rangi ya kutu, na akitandaza mabawa yake hufika mita moja na nusu na zaidi. Mchana hulala wakining'inia juu ya miti mirefu ya makaburini, mamia kwa mamia, wamejifunga mabawa kama watu waliojitanda khanga kwa baridi. Wengine hujipepea. Walikuwa wakiwindwa na kuliwa, wakapungua mpaka katika miaka ya 1990 ikahofiwa wataisha kabisa. Watu wa hapa, wakisaidiwa na wahifadhi, waliacha kuwawinda, na sasa wamerudi kwa makumi ya maelfu. Kijana aliyetutembeza alisema kwa fahari kwamba popo ndio wanaopanda miti msituni, kwa sababu hula embe na shelisheli mahali pamoja, na mbegu huangusha pengine. Tulikaa chini ya miti ile karibu saa nzima. Mke wangu, ambaye nyumbani hukimbia akiona popo, ndiye aliyekataa kuondoka.

Wete tulinunua halua. Watu wa Unguja watabisha, na Muskati ndiko ilikotoka, lakini mimi nasema halua ya Wete haina mwenzake: haishiki menoni, iliki inakuja mwishoni, kimya kimya. Tukanywa kahawa na mzee mmoja aliyetuuliza sisi ni watoto wa nani. Tulipomwambia hatuna ndugu Pemba alisikitika kidogo, kisha akatulipia kahawa.

Kutoka Wete tukashika ya Konde, dereva akakabidhi kifurushi, tukakaribishwa ndani, tukala muhogo wa nazi. Saa nane ilikuwa imekwishapita.

Kaskazini ya Konde ardhi inabadilika. Kwanza miti ya mipira, imepangwa mistari, kisha ghafla Ngezi. Huu ndio msitu wa asili mkubwa uliobaki Pemba, hekta 1,440 hivi; mwingine mwingi ulikwenda na mashamba ya karafuu. Getini mnalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Mwongozaji wetu na dereva walitazamana, wakaulizana bibi zao, na kabla hatujafungua mlango wa gari walishagundua udugu. Wapemba hujuana kwa vilemba.

Mzee wa Temeke hakutia chumvi. Njia inapita katikati ya msitu, nyembamba, ya mchanga, na mivule na miti mingine ambayo sikuijua imekutana juu kama dari. Hewa ilipoa mara moja, mke wangu akajitanda. Mwongozaji alituonyesha mpapindi, mnazi mwembamba wa porini wa hapa hapa Pemba. Kisiwa hiki kimetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na kwa muda mrefu mno, ndiyo maana vimo viumbe vya peke yake. Ndege wasiopatikana kwingine wako wanne: ninga wa kijani, chozi, bundi mdogo wa usiku, na ndege mmoja mwenye duara jeupe jichoni. Ninga tulimsikia, hatukumwona. Bundi anahitaji usiku, na watu huja na tochi kumtafuta. Tuliambiwa tukirudi baada ya isha tutamsikia akiita mlio mmoja mmoja. Hatukurudi usiku ule na najuta. Zima injini ukipita Ngezi. Hata kama uko peke yako na unaogopa, zima dakika tano tu.

Kisha mwanga. Msitu uliisha kama mlango uliofunguliwa, tukapita Makangale, mashamba ya migomba na muhogo, watoto wakipunga mikono, na mvumo ukaanza kusikika. Vumawimbi. Waliolipa jina hawakutafuta mbali.

Ni ufukwe wa kama kilomita mbili, umejikunja mfano wa upinde, mchanga mweupe na laini kama unga wa mchele uliopepetwa. Siku tuliyofika hapakuwa na kiti cha kukodi wala mwavuli. Palikuwa na ngalawa nne zimelazwa juu ya magogo, wavuvi wawili wakishona nyavu kivulini, na mbuzi mmoja. Maji yalikuwa yakijaa. Kwenye mwamba wa mbali yalipiga na kuvunjika, ndiyo yale yanayovuma. Yakishaingia ndani ya hori yanalegea, yanakuja kidogo kidogo mpaka vidoleni. Rangi yake sitaijaribu. Nilimwona mke wangu ametoa viatu, ameshika pindo la baibui, anatembea ukingoni bila kusema neno, mwendo ambao sijamwona nao tangu tuwe na watoto.

Nililala mchangani. Nasema hivyo kwa uzito wake wote: mtu mzima wa miaka hamsini na moja nililala mchana, juu ya mchanga, kofia usoni, bila ugonjwa. Nilipoamka kivuli cha mkadi kilikuwa kimehama na mmoja wa wavuvi alikuwa akizungumza na dereva wetu habari za bei. Tukanunua changu watatu. Dereva akakusanya makumbi na vifuu, akawasha moto, akawachoma vivyo hivyo, chumvi na ndimu tu, tukala kwa mikono na muhogo wa kuchoma waliotupa wavuvi. Tuliwaita waje tule wote, wakaja. Mazungumzo yalikuwa ya bahari: bamvua la wiki ile, pweza wanapopatikana maji yakikauka, kina mama wa mwani na bei yao isiyopanda. Mmoja aliniuliza kazi yangu. Nilipomwambia naandika gazetini akanitaka niandike kwamba wanaokuja Vumawimbi wasiache chupa za plastiki. Nimeandika.

Kabla ya magharibi tulifika Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini kabisa, ulipo mnara wa taa wa chuma tangu mwaka 1900. Ukipanda zile ngazi nyembamba unaona mashariki na magharibi kwa pamoja: upande mmoja povu la mwamba, upande mwingine mkondo wa Pemba, buluu nzito karibu nyeusi. Jua lilizama upande wa bara. Tulirudi usiku, kwa njia ya mashariki safari hii, tukilala viti vya nyuma.

Siku zilizofuata zilienda zenyewe. Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, tulionyeshwa kisima ambacho kwa masimulizi ya wenyeji kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala yule wasikutane wakichota maji. Wanasema aliwabebesha raia mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio. Ni mambo ya karne ya kumi na tano, na bado wanalitaja jina lake kwa sauti ya chini.

Misali ndiyo inayohitaji siku yake. Tuliondoka gati la Wesha, karibu na Chake, kwa boti ya mashine. Ni kisiwa kidogo cha msitu na mchanga, hakina mkazi wa kudumu, ila wavuvi hupiga dago huko, wakalala siku kadhaa kwenye vibanda vyao wakati wa msimu. Masimulizi ya Pemba yanasema Nabii Hadhir alifika hapo, akataka msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe, kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Jina limetoka hapo. Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kujenga hoteli ya kitalii. Wavuvi wakapinga, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi. Lililonigusa zaidi ni kazi ya masheikh waliowaelimisha wavuvi kutoka mimbarini, kwa mafundisho ya Qur'ani juu ya amana ya viumbe, kwamba baruti na nyavu haramu ni uharibifu wa kilichowekwa mikononi mwao. Kanuni za serikali mtu huzikwepa gizani. Hii nyingine humfuata mpaka ndani ya ngalawa. Nilivaa miwani ya maji, nikainamisha kichwa, na chini yangu matumbawe yalikuwa hai, ya zambarau na manjano, samaki wakipita bila kunijali. Kasa mmoja alipanda kuvuta pumzi mita chache kutoka kwetu, akatutazama, akarudi alikotoka.

Niseme na hili kabla sijafunga mizigo. Barabara za Pemba zinajengwa upya, na katika sehemu kadhaa tulikutana na greda na vifusi. Sina haki ya kulalamika. Mimi nilipita mara moja kwa starehe. Mama mjamzito wa kijiji cha ndani anazihitaji barabara hizo usiku wa manane, na mchuma karafuu anazihitaji kila msimu. Ombi langu ni dogo: pale ambapo njia ya zamani inazunguka shina la mwembe, wahandisi nao wazunguke. Miembe ile inawapa kivuli wanaosubiri daladala na inawalisha popo wa Kidike. Ikikatwa, wajukuu wa wanaoikata watazeeka kabla haijapatikana mingine mikubwa hivyo.

Tulirudi Dar es Salaam Jumamosi. Jumapili nilichukua halua ya Wete na fundo la karafuu alilotupa yule bibi wa majamvi, nikaenda Temeke. Duka sasa linaendeshwa na mwanawe. Mzee hukaa ndani, amevaa kofia ya viua, miguu haimpeleki mbali. Nilimsalimu kutoka upande wa wateja, nikapitisha mzigo juu ya kaunta. Hakuuliza habari za Vumawimbi wala za msitu. Alilishika fundo la karafuu, akalinusa, akaniuliza tulipita njia ipi.

Nikamwambia, ya zamani.

Akamwita mjukuu wake. "Nletee ntu huyu kigoda."

Kigoda kikaja, kikawekwa upande wa ndani wa kaunta, kati ya gunia la mchele na mizani. Nikapita. Mzee akaanza kuniuliza kijiji kimoja kimoja, kuanzia Chake.